Giza la Kununua

Kwa msomaji wa visiwani, Mpemba ni mtu: ndugu, jirani, mwenye duka la kona, mwenye karafuu zake. Kwa dereva wa lori anayekwenda Zambia, Mpemba ni mahali. Ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu, mkoani Songwe, kilomita chache kabla ya kufika Tunduma, pale inapochepuka barabara ya lami ya kilomita zipatazo 50 kwenda Isongole, wilayani Ileje, mpakani mwa Malawi. Foleni ya malori inapozidi mpakani, mkia wake hufika huku. Malori hayo hushuka na shaba ya Zambia na ya Kongo kwenda bandarini, na hupanda na shehena ya kila namna kutoka huko huko bandarini. Hata mapambo ya Krismasi hupita njia hiyo, na machache huteremshwa njiani.

Kwa miaka mingi Krismasi ya miji ya nyanda za juu ilipambwa kwa vitu vilivyokuwa karibu. Tawi la msonobari lilikatwa, likasimamishwa ndani ya ndoo iliyojazwa mchanga. Pwani, ambako msonobari ni haba, mvinje ulifanya kazi hiyo hiyo. Juu ya tawi palitundikwa karatasi za rangi zilizokatwa kwa mkasi, mapulizo mawili matatu, kadi za salamu zilizopangwa kwenye uzi, na pamba. Pamba hiyo inastahili kutazamwa mara mbili. Mtoto asiyepata kuona theluji, na ambaye babu yake hakupata kuiona, alichambua pamba akaitandaza juu ya majani ili iwe theluji ya Bethlehemu, mji ambao nao theluji huuzuru kwa nadra. Mwenye kejeli angecheka. Hata hivyo, katika pamba ile hapakuwa na uongo. Palikuwa na juhudi ya kuifanya nyumba isifanane na siku nyingine. Baadaye zilikuja nyuzi za kung'aa, kisha taa ndogo za kuwaka na kuzimika zenye kuimba nyimbo tatu kwa sauti ya mbu, kisha mti wa plastiki unaokunjwa na kurudishwa bokisini. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo hutengenezwa China, hasa katika mji wa Yiwu, na mikono ya watu ambao wengi wao hawaisherehekei sikukuu yenyewe.

Sasa ladha imegeuka tena. Tangu miaka ya 2000, katika maduka ya Ulaya na Marekani, mti wa Krismasi mweusi umeacha kuwa mzaha. Kuna mipira ya kioo yenye rangi ya wino, tepe za mahameli nyeusi, mashada ya majani yaliyokaushwa, mishumaa myeusi, na hata mafuvu na popo waliosalia tangu sikukuu ya Halloween mwishoni mwa Oktoba. Filamu ya The Nightmare Before Christmas, iliyotoka mwaka 1993, iliwazoesha vijana wengi kuona fuvu na Krismasi vimeketi meza moja. Mti mweusi utafika Mpemba, kama haujafika tayari, maana malori hayakosi. Siku utakaposimamishwa sebuleni, mama mkwe ataingia, ataweka kikapu chake chini, atautazama, kisha atauliza: nani kafa?

Swali hilo halifai kupuuzwa kama ushamba. Limebeba hoja nzito kuliko majibu mengi yanayotolewa na wauza mapambo.

Jibu jepesi ni kusema kwamba ladha hubadilika, na ni kweli kwamba hubadilika. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Mjerumani wakiwa na watoto wao kando ya mti uliopambwa, na desturi ya nyumba za Wajerumani ikawa desturi ya Waingereza wengi. Wajerumani wenyewe walikuja kutengeneza miti ya bandia kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani. Mwaka 1882, New York, mshirika mmoja wa Edison aliuzungushia mti wake taa 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na buluu. Katika miaka ya 1960 Wamarekani waliipenda miti ya alumini, ikang'aa kama sufuria mpya, hata filamu ya katuni ya mwaka 1965 ilipoifanyia dhihaka watu wakaanza kuionea haya. Kila kizazi kimemdhania mwenzake kuwa hana adabu mbele ya sikukuu. Wala giza si mgeni humo: hadithi ya Dickens ya mwaka 1843, ambayo Waingereza huihesabu kuwa roho ya Krismasi yao, ni hadithi ya mizimu, na ilikuwa desturi yao kusimuliana habari za mizimu usiku wa sikukuu hiyo. Katika milima ya Alpi, Krampus mwenye pembe hutembea mitaani mwezi huo huo wa Disemba.

Yote hayo yanaeleza namna ladha inavyokwenda. Hayamjibu mkwe. Yeye hakuuliza iwapo weusi ni wa kisasa. Aliuliza kilichotokea ndani ya nyumba, kwa sababu katika ufahamu wake pambo ni kauli, na kauli hiyo huelekezwa kwa anayeingia mlangoni.

Yafaa kwanza kutazama kwa nini Krismasi ya kaskazini ilijaa taa. Katika mji wa Niesky, Ujerumani, kwenye shule ya Wamoravia, wanafunzi wa karne ya 19 walitengeneza nyota ya karatasi yenye miba mingi kama zoezi la jiometria, na ndani yake ikawekwa taa. Nyota hiyo imekuwa alama ya Majilio kwa Wamoravia popote walipo. Ni Wamoravia hao hao waliofika Rungwe mwaka 1891 na baadaye wakaenea hadi Mbozi, jirani na Mpemba, ambako kanisa lao lingali na waumini wengi. Lakini huko ilikozaliwa nyota, mchana wa Disemba ni wa saa nane hivi. Jua huzama yapata saa kumi alasiri, na bustani yote imekufa. Taa dirishani haikuwa urembo mtupu. Ilimwambia aliye njiani kwamba nyumba hii ina watu.

Mpemba iko kusini mwa ikweta. Krismasi huiangukia katika siku ndefu kuliko zote za mwaka, zenye mchana wa saa kumi na mbili na nusu na zaidi. Mahindi yamekwisha kuchomoza, mvua zimeanza, vilima ni vya kijani. Giza la huko halitokani na kalenda. Ni wingu la saa tisa alasiri linalofunika kila kitu kabla ya radi, na usiku ambao umeme umekatika. Tanzania iliujua mgao wa umeme mwaka 2006, ikaujua tena mwaka 2011, na mwaka 2023 watu wakarudi kuuliza zamu yao ni saa ngapi. Februari 2024 ndipo umeme wa kwanza kutoka Bwawa la Nyerere, Rufiji, ulipoingia katika gridi ya taifa. Mtu aliyepika chakula cha mkesha kwa mwanga wa kibatari hana hamu kubwa ya kununua giza kwa fedha.

Mkaaji wa jiji kubwa la kaskazini, kwa upande wake, ameshiba nuru hata imemkinai. Barabara zake haziingii usiku. Maduka yake huwasha taa za Krismasi tangu Novemba, na nyimbo za furaha humfuata hadi kwenye lifti. Kwake mti mweusi ni kama kimya baada ya kelele. Hamu hiyo si ya kuchekwa. Mwaka 1933 mwandishi wa Kijapani Tanizaki Jun'ichirō alitoa insha ndefu ya kusifu kivuli, akieleza kwamba vyombo vya wajapani vilivyopakwa laki nyeusi yenye dhahabu vilitengenezwa vitazamwe katika mwanga hafifu, na kwamba balbu ya umeme ilivifanya vionekane vya kujigamba. Yeyote aliyekaa kwenye baraza ya Mji Mkongwe mbalamwezi ikimulika ukuta wa chokaa, au aliyepita jioni mbele ya mlango wa nakshi kabla taa ya mtaa haijawashwa, anaijua hoja ya Tanizaki hata kama hakumsoma. Na washairi wa pwani hawakungoja Mjapani awaambie kwamba usiku una neema zake. Mapenzi katika tungo zao huishi zaidi usiku kuliko mchana.

Giza analolisifu Tanizaki, hata hivyo, ni giza la mtu mwenye nyumba. Fasihi ya Kiswahili inalijua jingine. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, inazitazama nyumba za Pate zilizokuwa na taa za kioo na za shaba, ambamo usiku ulikaribia kuwa mchana, na inazikuta zimekuwa magofu. Katika madaka yaliyopangwa sahani za Kichina sasa hulala ndege, na juu wananing'inia makinda ya popo. Popo wa Pate hawakununuliwa. Walikuja kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwafukuza. Akitundikwa popo wa plastiki juu ya mti wa Krismasi, anayemtundika anajua kwamba tarehe 6 Januari atamrudisha bokisini. Na hapo ndipo penye tofauti inayomtatiza mtu mwenye dhamiri. Je, ni halali kulifanya pambo lile ambalo kwa jirani ni hali yake ya kila siku? Tajiri aliyevaa kwa makusudi nguo iliyochanika magotini huulizwa swali hilo hilo, ingawa si mara nyingi, kwa kuwa ni tajiri.

Wako wanaolimaliza jambo hili haraka kwa kusema kwamba nyeusi ni rangi ya msiba, basi haina nafasi katika sherehe. Hoja hiyo haina miguu, na visiwa ndivyo ushahidi. Katika Zanzibar ya karne ya 19 kaniki, nguo ya rangi ya giza isiyo na urembo, ilikuwa vazi la watumwa wa kike na wa wanawake maskini. Utumwa ulipokomeshwa kisheria mwaka 1897, na hata kabla kidogo ya hapo, wanawake waliokuwa wakitoka katika hali ile waliikimbilia kanga yenye rangi na maua, na kaniki ikabaki kwa kazi za shamba na jikoni. Haukupita muda mrefu, mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wa wanawake hao pamoja na binti zao wakavaa buibui, nalo ni jeusi kuliko kaniki. Lakini sasa weusi ule ulikuwa wa heshima, vazi la mwanamke ambaye hakuna anayeweza kumwamuru afunue kichwa. Weusi haukubadilika. Kilichobadilika ni nani aliyeuchagua.

Wala nyeupe nayo haikuzaliwa kuwa furaha. Sanda ni nyeupe. Kwa Wakongo wa magharibi, neno mpemba lenyewe ni udongo mweupe na pia ni nchi ya wafu, na weupe ndio rangi ya waliokwenda huko. Si kusema kwamba mji wa Songwe ulipata jina lake kutoka kule. Majina hufanana kama nyuso zinavyofanana sokoni. Ni kuonyesha tu kwamba anayetafuta maana ya rangi ndani ya rangi yenyewe atarudi mikono mitupu.

Basi mkwe arudishwe sebuleni, kwa kuwa swali lake bado liko. Tuseme safari hii limegusa ukweli. Nyumba ile, iliyo kando ya barabara, ilimpoteza kijana wake mwezi Oktoba. Alikuwa utingo wa lori, na barabara ile haikosi ajali. Matanga yamekwisha, viti vya kuazima vimerudishwa, watu wameendelea na shughuli zao. Inakuja tarehe 24 Disemba. Majirani wametundika nyuzi za kung'aa, spika zinapigwa, na watoto wa nyumba hiyo, ambao ni watoto, wanauliza kama mwaka huu kutakuwa na mti.

Desturi zimempa mwenye msiba njia mbili. Ya kwanza ni kutopamba kabisa, na watu wa pwani wanaijua vyema: mjane aliye edani, kwa muda wa miezi minne na siku kumi, huepuka urembo. Sheria hiyo aghalabu huelezwa kama kizuizi, lakini ndani yake mna heshima kubwa kwa pambo. Inakiri kwamba pambo husema, na kwamba halifai kulazimishwa kusema lisilokuwamo. Njia ya pili ni kupamba kama watu wote, kwa ajili ya watoto, na kulia chumbani. Nyumba nyingi hufuata hii ya pili, na hakuna mwenye haki ya kuzilaumu.

Hapa ndipo mapambo ya giza, hata yakiwa ya plastiki, yanapopata utetezi ambao wauzaji wake hawakuufikiria. Krismasi ya kung'aa ina ukatili wake mdogo: humtaka kila mtu awe na furaha kwa tarehe maalumu, na asiyekuwa nayo humfanya ajione mharibifu wa sherehe ya wenzake. Mti usio na kelele, wenye rangi ya kupoa na taa moja ndogo, waweza kuwa njia ya tatu, ya nyumba kusema kwamba sikukuu imefika na aliyeondoka hajasahauliwa. Lugha yenyewe haikuyatenga mambo haya. Bibi harusi hupambwa, na maiti hupambwa. Kitenzi ni kimoja, na pamba ile ile iliyokuwa theluji juu ya msonobari ndiyo inayotumika kumwandaa marehemu kwa safari yake. Waliounda neno hawakuona aibu kuviweka pamoja.

Kwa hiyo ubaya wa giza la dukani, pale ulipo, hauko katika weusi wake. Uko katika kutomjali mgeni. Mwenye kupamba kwa mafuvu kwa kuwa mwaka jana alipamba kwa dhahabu na mwaka kesho atapamba kwa waridi hajasema lolote kuhusu usiku. Kwake giza ni aina nyingine ya kung'aa, na pengine ni ya kujionyesha zaidi, kwa sababu hudai pia sifa ya kuwa na kina. Akiingia kwake mtu mwenye msiba wa kweli, ataona fuvu, ataelewa kwamba ni utani, na atakaa na msiba wake peke yake kama alivyokaa kwenye nyumba ya taa na nyimbo. Palipopambwa kwa kumwazia yeye, atapata pa kukaa. Ni vigumu kuzitofautisha nyumba hizo mbili kwa picha. Mgeni huzitofautisha akiwa bado mlangoni.

Zanzibar ina mfano ambao haukutoka dukani. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo ukawekwa pale msingi wa kanisa kuu la Waanglikana, ambalo Edward Steere, mtu yule yule wa sarufi na tafsiri za Kiswahili, alilisimamia lijengwe. Mapokeo husema madhabahu imesimama mahali pa mti wa kuchapia. Nje, mwishoni mwa miaka ya 1990, mchongaji Clara Sörnäs aliweka ndani ya shimo sanamu za watumwa wenye minyororo shingoni, zimesimama chini ya usawa wa miguu ya wapita njia. Kila Krismasi waumini wakiwa katika nguo zao mpya hupita karibu na shimo hilo wakienda kwenye nyimbo na mishumaa. Hakuna aliyelipaka shimo rangi ya dhahabu, na hakuna aliyesema lifukiwe ili lisiwaharibie watoto sikukuu. Liko pale. Watu hulitazama, wengine hulipita, kisha huingia ndani na kuimba. Wala hadithi wanayoiimbia haina mchana mwingi: wachungaji walikuwa kondeni usiku, na nyuma ya kuzaliwa kule kuna watoto waliouawa kwa amri ya Herode. Msomaji Mwislamu, naye, anamjua Maryam akiwa peke yake chini ya shina la mtende, katika uchungu, akitamani afadhali angekufa kabla ya hayo.

Huko Mpemba mvua ya jioni ikikatika, umeme ukiwa haujarudi, malori yaliyo kwenye foleni huwasha taa kila yanaposogea hatua mbili tatu. Mwanga huo huingia madirishani bila kubisha hodi, hugusa kilichotundikwa sebuleni, kiwe cha fedha au cheusi, kisha huhama kwenda nyumba ya pili. Katika nyumba ya kijana wa lori watoto wamepata tawi lao la msonobari. Mjomba amelileta kwa bodaboda, likiwa limelowa. Bibi yao, yule mkwe, amelisimamisha mwenyewe ndani ya ndoo. Wamelifunga kitambaa kimoja cheusi, kipande cha gauni, na hapana aliyewauliza kitu. Tawi hilo halina boksi la kurudishwa. Likikauka, katikati ya Januari, litavunjwa na kutiwa mekoni, na msonobari, kwa utomvu wake, huwaka upesi.